Mwongozo Kamili wa Kuitambua Choya Chotara ya Kelvin katika Jangwa la Arizona

Kila majira ya baridi yanapoingia Arizona, wasomaji wanaoishi Tucson na Phoenix hunitumia picha za kaktasi wakiuliza kama wameipata choya chotara, yaani kaktasi ya jamii ya choya iliyozaliwa na aina mbili tofauti, na karibu kila mara hulazimika kuwajibu kwamba hawajaipata. Picha huwa nzuri na bidii huwa kubwa, lakini kosa huwa lile lile: mtu ameusimamia mmea mmoja, ameona jambo moja asilolizoea, kisha akautangaza kuwa chotara. Mwana hufuata kisogo cha nina, wasema wahenga, na chotara ana visogo viwili vya kufuata. Asiyewajua wazazi wote wawili hana namna ya kumtambua mtoto.

Mwongozo huu unahusu chotara mmoja tu, Cylindropuntia × kelvinensis, ambaye nitamwita choya ya Kelvin, kwa kuwa jina lake limetokana na Kelvin, mahali padogo kando ya Mto Gila katika kaunti ya Pinal. Wazazi wake ni Cylindropuntia fulgida, nitakayoiita choya ya minyororo kwa sababu matunda yake huning'inia kama mikufu, na Cylindropuntia spinosior, nitakayoiita choya ya fimbo. Neno choya lenyewe ni la Kihispania. Huandikwa cholla, na herufi ll husomwa kama y. Chotara huyu hupatikana kwa mabaka, pale tu maeneo ya wazazi wake yanapogusana, kwa hiyo unaweza kutembea siku nzima katikati ya maelfu ya choya usimwone hata mmoja.

Hatua zimepangwa kwa mfuatano, kwa sababu kila moja hutumia vipimo vya ile iliyotangulia. Tafadhali usiruke ya tatu, ambayo ndiyo inayorukwa na wengi.

## Vifaa vya kuandaa

- Chanuo la chuma lenye meno yaliyoachana, kwa ajili ya kuondoa pingili (vipande vya shina la choya) zitakazokuganda.
- Koleo refu la jikoni, kama lile la kugeuzia nyama choma.
- Kibano chenye ncha kali, kwa miiba iliyokatikia ndani ya ngozi.
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10.
- Rula ya milimita, daftari na penseli.
- Karatasi ngumu nyeusi ya ukubwa wa daftari. Utaiweka nyuma ya tawi unapopiga picha, kwa sababu miiba iliyokolea weupe hupotea kabisa mbele ya anga la jangwani.
- Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabla ya safari, kwani mtandao hukatika mara tu uachapo barabara kuu.
- Maji yasiyopungua lita 4 kwa kila mtu kwa siku.
- Viatu vya ngozi vinavyofunika vifundo vya miguu, na suruali ndefu ya kitambaa kizito.

Glavu sikuziweka katika orodha kwa makusudi. Miiba ya choya hupenya ngozi nene ya glavu, na pingili ikishaganda kwenye glavu, mkono uliodhani umeulinda ndio unaokuwa mtegoni. Koleo ni bora zaidi.

## Tahadhari kabla ya kutoka

Ncha ya mwiba wa choya ina vigamba vidogo sana vinavyoelekea nyuma, kama chusa ya mvuvi: huingia kwa urahisi na hukataa kutoka. Pingili ikikuganda, usiishike kwa mkono wa pili. Ingiza meno ya chanuo kati ya pingili na ngozi, kisha irushe kwa mkupuo mmoja kuelekea upande usio na mtu. Niliwahi kutembea na mwenzangu ambaye pingili ilimganda kwenye kisigino cha kiatu bila yeye kujua. Alipochuchumaa kupima tunda, ikahamia kwenye paja lake, na kazi ya siku hiyo ikaishia pale. Kabla ya kuchuchumaa, kagua nyayo zako.

Kwa upande wa sheria, kaktasi asilia za Arizona zinalindwa na sheria ya mimea asilia ya jimbo hilo. Kukata au kung'oa mmea kunahitaji idhini ya mwenye ardhi pamoja na kibali, na ndani ya hifadhi hauruhusiwi kuchukua hata pingili iliyoanguka. Sehemu kubwa ya jangwa la kusini mwa Arizona ni ardhi ya dhamana ya jimbo, ambayo hata kuitembelea kwa matembezi tu kunahitaji kibali cha burudani kutoka idara ya ardhi ya jimbo. Mwongozo huu unaweza kufuatwa wote bila kukata kitu, isipokuwa sehemu moja ya hatua ya nne, ambayo nitaieleza hapo.

## Hatua ya 1: Chagua majira na mahali

Panga safari mbili, si moja. Safari ya kwanza iwe kati ya Desemba na Februari, na ya pili iwe Mei au Juni.

Sababu ya kuanza na majira ya baridi ni matunda. Wakati huo mimea mingine imeshapoteza alama zake, lakini choya ya fimbo bado imebeba matunda ya manjano na choya ya minyororo bado ina mikufu ya matunda ya kijani. Tofauti hiyo huonekana hata ukiwa mbali. Zaidi ya hayo, hali ya hewa ya Januari hukuruhusu kufanya kazi ya vipimo kwa saa nne au tano bila kuhatarisha afya. Safari ya pili ni kwa ajili ya maua, na ni ngumu zaidi, kwa kuwa joto la Tucson mwezi Juni huvuka nyuzi 38 mara kwa mara. Majira ya mvua za kiangazi huhesabiwa kuanzia tarehe 15 Juni hadi 30 Septemba; katika kipindi hicho usipumzike ndani ya makorongo makavu, kwa sababu mafuriko ya ghafla huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali usikoiona.

Kuhusu mahali, tafuta mpaka. Choya ya minyororo hupenda tambarare za chini na miteremko ya changarawe, wakati choya ya fimbo huendelea kupanda hadi kwenye nyika za nyasi zilizo juu zaidi. Chotara huishi pale maeneo haya mawili yanapopishana, kama vile kando ya Mto Gila karibu na Kelvin na katika baadhi ya sehemu za bonde la Tucson. Simama mahali ambapo ukigeuka unaweza kuwaona wazazi wote wawili. Ukimwona mmoja tu kwa umbali wote unaoonekana, songa mbele; uwezekano wa kumpata chotara hapo ni mdogo, na uwezekano wa kujidanganya ni mkubwa.

## Hatua ya 2: Hakikisha kwamba ni choya

Hatua hii ni fupi, lakini naiandika kwa sababu wengi wetu tumekulia karibu na uzio wa mnyaa, na jicho letu limezoea kuita kila mmea mnene usio na majani dungusi kakati. Mnyaa si kaktasi. Ukivunjika hutoa maziwa meupe yanayochoma macho, ilhali choya haina maziwa. Mpungate tunaoufahamu wa Afrika Mashariki ni kaktasi kweli na ni ndugu wa choya, lakini shina lake limegawanyika katika vipande bapa kama sahani, wakati la choya limegawanyika katika pingili za mviringo kama soseji.

Uthibitisho wa mwisho ni ala ya mwiba. Chagua mwiba mmoja mrefu, ubane kwa kibano karibu na ncha yake, kisha vuta taratibu kuelekea nje. Kikiwa ni choya, utando mwembamba kama karatasi utavuka wote kutoka kwenye mwiba, mithili ya kisu kinachotolewa alani, na ndani utabaki mwiba mwembamba wenye rangi iliyokoza zaidi. Hakuna kaktasi nyingine ya jangwa hilo yenye ala kamili ya namna hiyo. Ukiiona ala ikitoka, umemaliza hatua hii.

## Hatua ya 3: Wasome wazazi kwanza

Kabla ya kutafuta chochote kinachofanana na chotara, chagua mimea 10 ya choya ya minyororo na mimea 10 ya choya ya fimbo katika eneo lile lile, uipime yote. Najua kazi hii inachosha. Hata hivyo, sifa za choya hubadilika kutoka bonde hadi bonde, na maelezo ya vitabuni yamekusanywa kutoka eneo zima la mmea; unachohitaji wewe ni kujua wazazi wa hapo ulipo wanaonekanaje.

Choya ya minyororo huwa kama mti mdogo, mara nyingi wa mita 2 au 3, wenye kigogo cheusi kilichochakaa na kichwa kilichotanda. Vinundu vya pingili zake, yaani vimbe vidogo vinavyobeba miiba, ni vipana na vimeumuka kama nusu ya yai. Miiba yake ina rangi ya nyasi kavu, na ala zake zimelegea, pana kuliko mwiba wenyewe, hivyo jua la asubuhi likiupiga mmea kutoka nyuma, wote hung'aa. Chini yake ardhi imetapakaa pingili zilizoanguka, nyingi zikiwa zimeshaota mizizi.

Choya ya fimbo kwa kawaida ni fupi zaidi na imesimama wima zaidi. Vinundu vyake vimebanwa ubavuni na kujitokeza kama matuta membamba yaliyojipanga. Kila kidoa, yaani doa dogo ambapo miiba huota, hubeba miiba mifupi, kwa kawaida kati ya 10 na 20, inayopishana na ya vidoa jirani, na ala zake zimeibana miiba kama soksi iliyokaza. Shina huwa la kijani linaloelekea zambarau, hasa wakati wa baridi au ukame. Chini yake hukuti zulia la pingili.

Umefaulu katika hatua hii pale unapoweza kusimama umbali wa hatua 20, ukautaja mzazi bila kusita, kisha ukausogelea na kujikuta hukukosea. Kama bado unasita, rudia vipimo.

## Hatua ya 4: Soma matunda

Hapa ndipo penye ushahidi mkubwa zaidi, na ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi.

Tunda la choya ya minyororo halianguki linapokomaa. Hubaki kijani, nyama yake ikiwa laini na ngozi yake ikiwa imenyooka karibu kabisa, na mwaka unaofuata maua mapya huchipuka kutoka kwenye vidoa vya tunda hilo hilo la zamani. Tunda huzaa tunda juu yake, nalo huzaa jingine, hadi mkufu unakuwa na matunda zaidi ya kumi yaliyoshikana na kuning'inia kwa uzito wake. Tunda la choya ya fimbo ni kinyume chake karibu kwa kila jambo: huwa la manjano, lina vinundu vilivyojitokeza waziwazi kuanzia juu hadi chini, kichwani lina shimo la kina kama kikombe, na husimama peke yake kwenye ncha ya pingili.

Matunda ya chotara huangukia kati ya hayo mawili. Mmea nilioupima Januari moja, kwenye ukingo wa korongo kavu, ulikuwa na matunda yaliyosimama peke yake kwa sehemu kubwa, lakini nilipouzunguka upande wa kaskazini niliona jozi kadhaa na mkufu mmoja wa matunda matatu. Rangi yake ilikuwa kijani kibichi upande wa kivuli na manjano hafifu upande wa jua. Nilipopitisha mgongo wa penseli juu ya tunda nilihisi vinundu, lakini vilikuwa vimelala, kana kwamba mtu amevisugua kwa msasa. Hayo mambo matatu kwa pamoja, mkufu mfupi, rangi ya kati na vinundu vilivyofifia, ndiyo ishara unayoitafuta.

Zingatia neno "kwa pamoja". Choya ya minyororo iliyo changa, au iliyopigwa na baridi kali, inaweza kuwa na mikufu mifupi tu. Tunda la choya ya fimbo ambalo halijakomaa bado ni la kijani. Kwa hiyo kila sifa ikiwa peke yake inaweza kukuhadaa. Zunguka mmea mzima, hesabu matunda 20 bila kuchagua, na uandike mangapi yako peke yake, mangapi ni jozi, na mkufu mrefu kuliko yote una matunda mangapi.

Kuna jambo ambalo limewapotosha wengi, nalo ni mbegu. Watu husikia kwamba chotara ni tasa, hupasua tunda, hukosa mbegu, na kuhitimisha kwamba wamempata. Ni kweli kwamba matunda mengi ya choya ya Kelvin hayana mbegu nzuri. Lakini matunda ya choya ya minyororo nayo mara nyingi huwa matupu au yana mbegu chache tu, kwa sababu mmea huo huenea zaidi kwa pingili zinazoanguka kuliko kwa mbegu. Tunda tupu, basi, halithibitishi uchotara. Linachoweza kufanya ni kuonyesha kwamba mmea wenye sura ya choya ya fimbo huenda si choya ya fimbo halisi, kwani ile huzaa mbegu kwa kawaida. Kama una idhini ya mwenye ardhi, pasua matunda matano kwa kisu yakiwa yameshikwa kwa koleo. Kama huna idhini, acha. Hatua nyingine zinatosha.

## Hatua ya 5: Pima vinundu na miiba

Pima pingili ya mwaka uliopita, sehemu ya katikati, upande unaotazama kusini. Pingili ya mwaka huu haifai kwa sababu vinundu vyake havijakomaa, na ya zamani sana haifai kwa sababu vinundu vyake vimemezwa na shina linaloendelea kunenepa. Kuchagua upande mmoja kwa mimea yote huondoa tofauti zinazoletwa na jua.

Andika urefu na upana wa vinundu vitano, idadi ya miiba katika vidoa vitano, na urefu wa mwiba mrefu kuliko yote katika kila kidoa. Usihangaike na unene wa pingili. Choya hunywa maji mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa ukame, kwa hiyo unene hukuambia habari za mvua kuliko za ukoo.

Idadi ya miiba ya wazazi hupishana, na ndiyo maana haitoshi peke yake. Itazame sambamba na umbo la kinundu na namna ala ilivyokaa. Weka lenzi karibu na jicho na ulisogelee tawi, karatasi nyeusi ikiwa nyuma yake, hadi uone ukingo wa ala. Katika choya ya minyororo utaona nafasi kati ya ala na mwiba, kama shati kubwa kwa mtoto. Katika choya ya fimbo hakuna nafasi. Kwa chotara unaweza kukuta zote mbili kwenye pingili moja, na kwa maoni yangu hiyo ni mojawapo ya dalili nzuri zinazopuuzwa.

## Hatua ya 6: Jaribu maungio ya pingili

Kwa koleo lililofungwa, sukuma pingili ya mwisho ubavuni, kwa nguvu ile unayotumia kubonyeza kengele ya mlango. Choya ya minyororo huiachia pingili mara moja au mara ya pili. Choya ya fimbo hupinda kidogo na kurudi mahali pake. Chotara hukaa katikati, na hutofautiana mmea kwa mmea. Jaribu pingili tatu pekee kwa kila mmea, usizidishe, na pingili ikianguka iache pale pale ilipoangukia.

Tazama ardhini pia. Choya ya Kelvin huenea hasa kwa pingili, kwa hiyo mimea mingi iliyokaribiana inaweza kuwa mmea mmoja uliojinakili. Ukiona baka la mimea 15 inayofanana hadi rangi ya mwiba, usiandike kwamba umepata chotara 15. Andika baka moja, kisha taja idadi ya mashina.

## Hatua ya 7: Rudi wakati wa maua

Mei au Juni, rudi kwenye mmea ule ule ukiwa na picha zako za majira ya baridi. Ua la choya ya minyororo lina rangi ya waridi iliyokoza na hufunguka alasiri, yapata saa tisa, tabia inayoitenga na choya nyingi za hapo. Maua ya choya ya fimbo hubadilika sana, kuanzia waridi na zambarau hadi shaba, na mara chache manjano, hivyo rangi pekee haitakusaidia sana. Fika saa nne asubuhi, andika maua mangapi yamefunguka, pumzika kivulini, kisha rudia saa nane na saa kumi. Muda wa kufunguka una thamani kubwa kuliko rangi.

## Hatua ya 8: Waondoe wanaofanana

Mimea mitatu ndiyo inayozaa makosa mengi katika picha ninazoletewa.

Wa kwanza ni choya ya minyororo ya aina ya mamillata. Hii ina miiba michache na mifupi, kwa hiyo vinundu huonekana wazi, na mtu aliyeizoea ile yenye miiba mingi huamini kwamba ameona mmea tofauti. Inua macho utazame matunda: mikufu mirefu ya kijani ipo pale pale. Hiyo si chotara.

Wa pili, na ndiye hatari zaidi, ni Cylindropuntia versicolor, choya ya rangi nyingi inayopatikana kwa wingi karibu na Tucson. Matunda yake nayo hubaki juu ya mmea, na nayo huweza kuunda mikufu mifupi, hivyo hatua ya nne peke yake inaweza kukutia mtegoni. Tofauti iko kwenye pingili. Vinundu vya versicolor ni virefu na vyembamba, na miiba yake ni michache kuliko ya choya ya fimbo, hivyo shina lake la kijani au zambarau linaonekana bila kuzibwa na miiba.

Wa tatu ni Cylindropuntia acanthocarpa. Huyu huondolewa haraka: matunda yake hukauka yanapokomaa na yamejaa miiba, ilhali matunda ya chotara wetu na ya wazazi wake yana nyama.

Mbinu hii hii ya kuanza na majirani inafaa kwa machotara wengine wa jamii ya choya, kama Cylindropuntia × fosbergii, anayepatikana Mason Valley na maeneo ya jirani mashariki mwa kaunti ya San Diego, California, lakini vipimo vyake ni vingine na havimo humu.

## Hatua ya 9: Toa alama

Chukua sifa saba: urefu wa mikufu, rangi ya tunda wakati wa baridi, vinundu vya tunda, umbo la vinundu vya pingili, wingi na ufupi wa miiba, mkao wa ala, na uimara wa maungio. Kwa kila sifa, toa 0 ikiwa ni kama ya choya ya minyororo uliyoipima katika hatua ya tatu, 2 ikiwa ni kama ya choya ya fimbo, na 1 ikiwa iko katikati. Jumla ya juu kabisa ni 14.

Mmea wa ukingoni mwa korongo niliouelezea ulipata 1 kwa mikufu, 1 kwa rangi, 1 kwa vinundu vya tunda, 1 kwa umbo la vinundu vya pingili, 2 kwa miiba, 0 kwa ala, na 1 kwa maungio, kwa kuwa pingili mbili kati ya tatu ziliachia baada ya kusukumwa mara ya tatu. Jumla ilikuwa 7. Angalia kwamba si kila sifa ilikuwa ya kati: miiba ilimfuata mzazi mmoja na ala ikamfuata mwingine. Mmea usio na sifa mchanganyiko za aina hiyo, uliopata 1 kila mahali, ningeurudia kuupima, kwa sababu mara nyingi alama hizo hutolewa na mtu aliyechoka.

Mimi hutumia mipaka hii: 0 hadi 3 ni choya ya minyororo, 11 hadi 14 ni choya ya fimbo, 5 hadi 9 ni chotara wa kuchunguzwa zaidi. Alama 4 na 10 huziacha wazi, kwa sababu zinaweza kuwa mzazi mwenye sura isiyo ya kawaida. Kabla ya kuutumia mfumo huu kwa mmea unaoushuku, utumie kwa mimea 20 ya wazazi. Kama hata mmoja wao ataangukia kati ya 5 na 9, basi tatizo liko kwenye macho yako au kwenye sifa ulizochagua, na usiendelee hadi ulirekebishe.

## Hatua ya 10: Andika na uthibitishe

Picha zinazohitajika ni sita: mmea mzima ukiwa na kitu cha kulinganishia urefu, mkufu au tunda kwa karibu, kichwa cha tunda kutoka juu, pingili ya mwaka uliopita mbele ya karatasi nyeusi pamoja na rula, mwiba mmoja ukiwa na ala yake, na ardhi iliyo chini ya mmea. Ongeza picha za wazazi waliosimama karibu zaidi na uandike umbali wao kwa hatua.

Katika daftari usiandike "ni choya ya Kelvin". Andika "inadhaniwa", taja alama zake, kisha jina kamili pamoja na alama ya × kabla ya kelvinensis, kwa kuwa alama hiyo ndiyo inayomweleza msomaji kwamba mmea unahesabiwa kuwa chotara. Jina hilo lilitolewa mwaka 1971 na Verne Grant na Karen Grant, kwa hiyo wataalamu wataelewa mara moja unamaanisha nini.

Uthibitisho wa kina hufanywa maabara. Chavua ya ua hupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Chembe zilizojaa hushika rangi na zilizo tupu hubaki hafifu, na wingi wa chembe tupu huunga mkono dai la uchotara. Kuhesabu kromosomu peke yake hakutoshi hapa, kwani choya ya minyororo yenyewe ina mimea yenye kromosomu 22 na mingine yenye 33. Chuo Kikuu cha Arizona kilichoko Tucson na Desert Botanical Garden ya Phoenix zote zina hifadhi za mimea iliyokaushwa, na huko ndiko penye vielelezo vya kulinganisha na watu wenye jicho lililozoea. Wapelekee picha na vipimo, usiwapelekee pingili uliyoikata bila kibali.

Unapoiweka picha mahali ambapo watu wote wanaweza kuiona, ficha eneo kamili kwa kutaja kaunti tu, kwa sababu wezi wa kaktasi husoma pia. Namba za GPS zibaki kwenye daftari lako na kwa mtaalamu uliyemwandikia, na tarehe ya kurudi wakati wa maua iandikwe juu ya ukurasa huo huo kabla hujaondoka jangwani.